Sakafu ya chumba cha mama

Nyumba ya mama hapa Bunia ni ya mbao, na sakafu yake ni ya mbao pia, imeinuliwa juu ya mawe. Paa lilivuja msimu mzima kwenye kona ya chumba chake, mbao za hapo zikaoza hata ukizibonyeza kidole kinaingia. Mama ana goti bovu. Anajivunia jambo moja tu: anakwenda misa kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu.

Mume wa dada yangu ni seremala. Aliahidi kutandika tripleksi, zile mbao pana nyembamba, juu ya sakafu ya zamani, chumba kizima kiwe sawa. Nikamwambia, "Shemeji, toa kwanza zile zenye zimeoza." Akacheka. "Unanifundisha kazi?"

Kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na bokilo wake, mume wa binti yake, wala hamhoji. Basi siku mbili zote mama alikuwa jikoni, nje, akimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Tchomia. Nami, mjinga, niliona haya kumsimamia shemeji kana kwamba simwamini. Nilisikia nyundo, nikafurahi. Alipomaliza, sakafu haikulia hata kidogo. Mama alituma shukrani zake kupitia kwa dada.

Mwezi haujaisha, mguu wa mama ulizama palepale konani hadi gotini, ukavunjika.

Niliing'oa ile tripleksi mwenyewe, natukana peke yangu. Mbao zilizooza zilikuwepo zote. Ndani ya tundu la mbao hizo palishindiliwa kitenge kilichokunjwa mara nyingi, ili anayekanyaga asisikie kubonyea. Nilikijua kitenge kile. Dada alikivaa siku ya harusi yangu, na sanduku lake hulifunga kwa ufunguo.

Nilimpelekea. "Weye pia ulijua?"

Hakukana. "Alisema kama anatoa mbao atapoteza juma muzima, na iko na kazi ingine inamungojea. Ni bwana yangu. Ningesema nini?"

"Ungesema mama asikanyage pale!"

Shemeji alikuja kwetu kwa ndoa, hasira yangu kwake itapoa. Dada huyu tumenyonya ziwa moja, na bado sijui nimfanyeje.

Jioni mama, mguu ndani ya plasta, aliniuliza, "Mulikuta nini kule chini?"

Dada alikuwa ameketi kando yake, bakuli la uji mkononi. Hakunitazama.

"Mbao tu, mama," nikajibu.

Mama akafungua kinywa, dada akamlisha.