Vita Vilivyopiganwa na Upande Mmoja

Namshukuru Mungu kwa kunipa umri mrefu, hadi nikajifunza historia ya kwetu Mweiga kutoka kwa mgeni aliyefika asubuhi na kuondoka kabla ya chai ya saa kumi.

Alikuja kanisani na kitabu cha babu yake, ofisa wa jeshi la mkoloni. Alitaka tuweke kibao ukingoni mwa msitu, mahali babu alipopigana. Kamati ilinichagua nitafsiri, kwa kuwa nina subira. Kitabu kilisimulia vita vikali katika ukungu: adui alifyatua risasi asionekane, akatimuliwa hadi milimani, na jemadari wake akauawa kando ya moto. Askari kadhaa wa babu walijeruhiwa, ushahidi kwamba adui alikuwa na shabaha.

Nilimpeleka kwa jirani yangu, mzee pekee aliyebaki kati ya waliokuwa msituni siku zile wakipigana na mkoloni. Alisikiliza huku akikamua ng'ombe, kisha akaniambia nimuulize mgeni, huyo babu alipigana na nani?

Jioni iliyotangulia vita hivyo, alisema, paa alikata njia mbele yao. Msituni hiyo ilikuwa amri: paa akikata njia, mnahama. Wakahama. Asubuhi vikosi viwili vya mkoloni viliingia kutoka pande mbili, vikakutana, vikapigana kwa ushujaa mkubwa. Mungu ni mwema; vyote viwili vilishinda.

Nikamuuliza habari za jemadari. Mzee aliacha kukamua. Hakuwa jemadari, alisema. Alikuwa mdogo wake yeye mzee, kijana wa misheni. Alikataa kuhama, akisema Mkristo hafukuzwi na mnyama, akabaki akichoma viazi.

Mimi, niliyehubiri miaka yote dhidi ya kuamini ishara, nilitazama kwato za ng'ombe.

Kamati haikufurahi. Jemadari alikuwa amemfaa kila mtu: mgeni alihitaji babu aliyeua mtu mkubwa, nasi tulihitaji mtu mkubwa aliyefia kwetu. Hatimaye mkoloni na mwenyeji walikuwa wamekubaliana jambo. Aliyebaki ni mzee mmoja, aliyetaka mdogo wake aitwe alivyokuwa, kabla naye hajafa na kuondoka na kumbukumbu yake.

"Mwambie aandike hivi," alikuwa ameniambia. "Hapa alikufa mtu aliyekuwa akisali kabla ya kula. Sisi wengine hatukuwepo."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mgeni aliuliza kwa upole kama neno "vita" lingeweza kuingia mahali fulani. Kibao hakijawekwa hadi leo. Kamati inaendelea kuomba mwongozo wa Roho, na Roho hana haraka.

Jumapili ya kuwakumbuka marehemu wa kanisa letu, zamu ya kusoma majina ilikuwa yangu. Nililisoma la kijana yule bila cheo, kati ya mama wa kwaya na fundi aliyejenga mnara wa kengele. Mwenyekiti wa kamati alikohoa. Mzee, ambaye huwa haji kanisani, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.