Neno Lumen na Hatua Nne

Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu. Najua kwa sababu nilikuwa natia saa yangu ufunguo wakati mke wangu alipojigonga bega kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, mlango aliokuwa akiupita kwa miaka tisa. Chai yote ilimwagika. Alicheka, akasema mlango umehama.

"Tazama unakokwenda, mama," nilimwambia, nikaenda kutafuta shati lingine.

Ndivyo nilivyosema. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tunakaa Mlandege, Iringa, nami nilikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi. Shule niliishia darasa la nane. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mkono wa pili, jioni baada ya kazi. Ghalani nilijizoeza kukagua rafu kwa mpangilio mmoja usiobadilika, ili nisiruke kitu. Nyumbani nilifanya vivyo hivyo kwa kila jambo.

Misa ilikuwa imekwisha kuacha Kilatini, na padri mmoja mzee, Mwitaliano, alinipa kamusi yake ya lugha hiyo, iliyopoteza jalada. Alisema hana tena wa kuongea naye. Nilianza na neno lumen, kwa sababu nilikuwa nimeliona kwenye maboksi ya balbu. Kamusi ilisema ni mwanga, halafu taa, halafu jicho, halafu uwazi wa dirisha. Padri akaniongezea kwamba kwao Italia lume ni taa ndogo, kwa Wareno ni moto wa kupikia, na kwa Waromania neno hilohilo limekuwa dunia nzima. Nikaandika yote kwenye daftari, nikamsomea mke wangu huku akichambua maharage.

"Hilo neno ni kibarua," alisema. "Linafanya kila kazi."

Yeye alikuwa Mnyakyusa, mtoto wa milima ya upande wa Mbeya. Halafu akasema, "Sisi tunasema ulumuli. Hao Walatini wametuibia."

Alikuwa anatania. Mimi sikutania. Neno la kwetu Wahehe linakaribiana na la kwao, na yote mawili niliyaona yanafanana na lile la kamusi. Nikayapigia mstari mara mbili, nikampelekea padri. Padri alicheka mpaka akakohoa, akaniambia ni mfanano tu, hakuna undugu. Nilipoleta jibu hilo nyumbani, mke wangu alisema, "Mwambie si ndugu wa kwanza kukanwa."

Katika miezi iliyofuata alijigonga tena. Alikanyaga beseni lililokuwa pembeni mwa mguu wake. Jirani alimpungia mkono kutoka ubavuni, akapita kama hakumwona, jirani akanuna. Nilinunua tochi na kumwangalia macho. Ndani ya mboni niliona kivuli cha kijivu. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha tiba ya nyumbani, nikakisoma sura hiyo mara tatu. Mtoto wa jicho, kilisema. Anatolewa kwa operesheni, lakini lazima asubiriwe mpaka aive. Na ameiva pale mgonjwa anaposhindwa kuhesabu vidole vilivyo hatua moja mbele yake.

Sikumpeleka kwa mganga wala daktari yeyote. Kitabu kilikuwa kimekwisha kunijibu.

Basi kila Jumapili saa nane mchana, jua likiwa juu, nilimketisha kwenye kigoda uani. Nilianzia hatua sita mbele yake na kuinua vidole: viwili, vinne, kimoja, vitano, vitatu. Akikosea nilisogea hatua moja, nikaanza upya. Alipopata yote matano, niliandika idadi ya hatua. Kurasa za mbele za daftari zilikuwa za lumen, za nyuma zilikuwa za macho yake. Mwanzoni alipata kwa hatua sita. Ikawa tano. Ikawa nne. Jumapili moja ikawa tatu, kisha ikarudi nne, ikabaki hapo Jumapili baada ya Jumapili, kwa mwaka na zaidi.

"Karani, leo nimepata ngapi?" alikuwa akiuliza.

"Nne. Bado hajaiva."

"Basi tusubiri."

Na kila mwisho wa mwezi niliweka fedha kwenye mkebe wa majani ya chai, kwa ajili ya operesheni. Kulikuwa na hospitali huko Mbeya ambako daktari wa macho alifika kwa vipindi. Nauli niliiweka kando.

Jioni moja upepo uliingia dirishani ukazima chemli. Chumba kikawa giza. Nilianza kupapasa mezani nitafute kiberiti. Mke wangu alikuwa amekaa mbele yangu na ungo wa maharage mapajani. Vidole vyake havikusimama. Mbovu alitupa chini, nzima aliacha, kama kawaida. Baada ya muda akasema:

"Mbona leo huandiki? Umechoka?"

Niliwasha taa tena. Nimejiuliza mara nyingi nilihisi nini wakati ule, na nimeamua kuandika ukweli: nilifurahi. Nilifungua kurasa za nyuma za daftari nikaandika, Ameiva.

Siku ya safari alivaa kitenge kipya. Kwenye basi, tulipopita Makambako, aliniambia, "Nikiona tena, wa kwanza kutazamwa ni ule mlango. Una deni langu."

Daktari alikuwa mtu mtaratibu. Alimketisha, akaniomba nisimame karibu na mlango. Akainua vidole vitatu usoni pake.

"Mama, hivi vingapi?"

"Viwili," alisema mke wangu, upesi, kwa sauti ya mtu aliyesoma somo lake.

Daktari akainua kimoja.

"Vinne."

Daktari akashusha mkono. Hakuinua kitu chochote.

"Na sasa?"

"Kimoja."

Viwili, vinne, kimoja. Nilijua kinachofuata. Nilikohoa ili asiendelee, lakini yeye alikwisha sema vitano, na vitatu.

Daktari aliwasha tochi akammulika kutoka upande wa dirisha. "Usiniambie vidole tena, mama. Nioneshe tu mwanga unatokea wapi."

Aligeuza uso huku na huku. Halafu alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, kule alikosikia nimekohoa.

"Huko," alisema.

Daktari alinitoa nje akanieleza. Mtoto wa jicho aliyeiva humwachia mtu mwanga. Hata kama haoni kitu, bado anajua taa iko upande gani. Huyu hakuachiwa hata huo. Ilikuwa presha ndani ya jicho, ambayo haiumi, nayo hula kwanza pembeni na kuacha katikati kwa muda mrefu. Kivuli nilichokiona kwenye mboni hakikuwa ugonjwa wake. Aliniuliza alianza lini kujigonga. Nilimtajia siku na saa. Alinitazama, akasema angeletwa wakati ule, kungekuwa na la kufanya. Hakusema kwa ukali.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Mlima Loleza ulikuwa mbele yetu, na mawingu kileleni. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama alivyonieleza daktari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeacha kuona vidole tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu mavuno ya mahindi. Siyo ya mwaka huu."

"Na hatua nne?"

"Nilihesabu viatu vyako. Ulianzia sita, unasogea mbili, nami naanza kujibu sawasawa." Akatabasamu kidogo. "Wewe hubadilishi, mume wangu. Viwili, vinne, kimoja. Hata mtoto angeshika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikipata nne, nilisikia penseli inakwenda vizuri. Siku niliyopata tatu hukula." Alipapasa akapata goti langu. "Na ulisema tusubiri. Nikaona nikusaidie kusubiri."

Ningebadilisha mpangilio Jumapili moja tu, ningejua. Ningeanza na kidole kimoja.

Kwenye basi la kurudi aliniomba nimsomee tena yale maneno ya mwanga. Daftari lilikuwa mkobani lakini sikulitoa; niliyajua kwa moyo. Mwanga, taa, jicho, dirisha. Moto wa kupikia. Dunia. Aliitikia kwa kichwa kila moja. Mwishoni akaniambia kwamba la kwao sikuliandika sawasawa. Ulumuli alioujua utotoni ulikuwa kienge cha mianzi mikavu, ambacho mama yake alikiwasha akienda kwa jirani jioni, nao watoto walifuata nyuma kwa kuunusa ule moshi, maana mwanga wenyewe ulikuwa mbele kwa mama.

"Andika na moshi," alisema.

Niliandika.

Tulipofika Mlandege nilimshika mkono kupita mlango wa jikoni, halafu nikarudisha fedha za operesheni kwenye mkebe wa majani ya chai. Hazikupungua hata senti. Zilikuwa shilingi mia tatu na sitini.