Ndala Iliyookotwa Getini

Mie shule niliishia la nne, na leo wakubwa wa mji huu wanakalia makochi ya karakana yangu ya Keko. Lakini fundi wangu akichoma ncha ya kamba ya nailoni, harufu ile inanirudisha darasani.

Mwalimu aliokota ndala kwenye tope la getini, akaiweka mezani. "Leo sitaki majibu. Iulizeni maswali, halafu mmoja atutungie hadithi ya mwenye ndala hii."

"Mbona imeungwa kwa moto?"

"Mwenyewe ana guu la bata!"

Darasa zima likacheka. Ilikuwa yangu, ilinichomoka nikikimbia kuwahi namba za kuhesabiwa asubuhi, na ya pili nilikuwa nimeificha mkobani. Mama ndiye aliyeiunga kwa kisu cha moto. Nikakunja miguu mitupu chini ya dawati, nikanyoosha mkono kabla hawajaanza kuchunguliana miguu. Nikasema mwenyewe ni tajiri, imemchomoka akiwahi ndege. Wakapiga makofi.

"Ataifuata?" mwalimu akauliza, akinitazama.

"Hana shida nayo."

Kengele ilipolia wenzangu wakatoka mbio. Mwalimu akapita, akaiweka kando ya dawati langu, imeshapanguswa tope, akaenda kufuta ubao.

Sasa nina viatu kabati zima. Nikiitwa vikao vya wakubwa, miguu bado inajikunja chini ya kiti.