Chumvi Pembeni

Daktari wa kliniki alimpa mama yangu masharti mawili madogo, na kwa masharti hayo mawili akaitwa mzinzi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kulisimulia taratibu, hasira inanitangulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Ifakara. Nilikuwa na miaka kumi na saba, namsaidia mama shambani na jikoni. Yeye alikuwa amevuka hamsini. Siku moja tukiwa tunapalilia mpunga kichwa kilimgonga, macho yakaona vinyota, akakaa chini kwenye maji. Tukaenda kliniki, akapimwa, akaambiwa ana presha. Vidonge alipewa, lakini daktari alisisitiza mambo mawili ya nyumbani: apunguze chumvi, na kila asubuhi atembee nusu saa bila mzigo wowote. Mama alicheka njia nzima.

"Nitembee bure? Huyu baba hajui kwamba mimi nalima?"

Hata hivyo alifanya. Mama akishasema ndiyo, amesema. Kabla jua halijachomoza alifunga khanga yake vizuri, akashika barabara ya kivukoni, akarudi jasho likimtoka. Chumvi aliacha kuitia chunguni. Mboga aliikamulia ndimu, na kibakuli cha chumvi akakiweka pembeni mwa mkeka. "Kila mtu ajitilie," alisema. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka. Siku hiyo aliponunua karanga sokoni tulizila zote njiani, tunacheka kama wasichana wa rika moja.

Sasa ni lazima nieleze jambo la kwetu. Kwa wazee wetu chumvi haikuwa kiungo tu. Mwanamke akiwa katika siku zake hakutia chumvi kwenye chakula cha mumewe, alimwita mtoto amtilie. Mimi nimeitia chumvi hiyo tangu sijui maana yake. Na mwanamke aliyetoka nje ya ndoa, akitia chumvi, mumewe angekohoa mpaka kifua kimuume. Kwa hiyo mwenye hatia huiogopa chumvi. Ndivyo walivyoamini, na baba yangu alikuwa seremala. Alikohoa vumbi la mbao tangu sijazaliwa.

Baada ya mavuno shangazi, dada mkubwa wa baba, akaja kututembelea kutoka Masagati. Chakula cha kwanza tu alionja, akaweka tonge chini.

"Wifi, mboga haina chumvi."

"Ipo pembeni hapo, wifi. Kila mtu ajitilie."

Baba akakohoa. Shangazi akamtazama baba, akamtazama mama, akaendelea kula. Kesho yake alfajiri alimwona mama akitoka, na kufikia saa nne wanawake wote bombani walikuwa wamekwishasikia. "Hana jembe, hana ndoo, hana hata kapu. Mwanamke gani anatembea mikono mitupu giza halijaisha? Anakwenda kwa nani?" Umri wa siku zake ulishapita, kwa hiyo sababu iliyobaki ilikuwa moja. "Lisemwalo lipo," alisema shangazi, "kama halipo laja." Aliyelileta ni yeye mwenyewe!

Jumapili baada ya misa kikaitishwa kikao. Walikuja wazee watatu wa upande wa baba, wakakaa kwenye viti alivyochonga baba. Mama alitoa kadi ya kliniki, nami nikataka kuwasomea.

"Mtoto haongei," shangazi akanikata. "Na kadi haijui mambo ya ndani."

Wote wakamgeukia baba. Alijua. Mama alimweleza masharti yote siku ile ile tuliyotoka kliniki, mimi nikiwapo. Alijua pia kikohozi chake kinatoka kwenye randa na msumeno. Neno lake moja lingetosha. Alikohoa, akainamisha kichwa, akasema, "Basi atie tu, yaishe."

Atie tu, yaishe! Mama aliinuka, akachota chumvi kwa mkono wake wa kulia, konzi nzima, akaimwaga chunguni mbele ya macho yao. Baba akala. Shangazi akapiga kigelegele cha ushindi. Mimi nilitoka nje nikalia kwa uchungu, na sikumlilia mama. Nilimlilia baba niliyekuwa nikimheshimu.

Tangu siku hiyo mama hakutembea tena, na chumvi ilirudi chunguni. Nilipomshauri ajipikie chungu chake kidogo, alisema, "Hicho nacho kitazaa maneno, mwanangu. Niache." Masika ya pili baada ya kikao alianguka shambani. Tulimpeleka hospitali juu ya baiskeli ya jirani, mimi nimemshika kwa nyuma. Alipona, lakini ulimi ulibaki mzito na mkono wa kulia haukufumba tena. Sisemi ni chumvi peke yake iliyomwangusha. Nasema alikuwa ameanza kupona, tukamzuia.

Miaka michache baadaye baba naye akapimwa, presha. Mimi nilikuwa nimeolewa mtaa wa pili. Shangazi alipanda treni ya kwanza aliyoipata, akafika, akashika jiko. Kila alfajiri alimgongea baba mlango: "Twende mdogo wangu, daktari amesema utembee." Wakapita barabara ile ile ya kivukoni, mikono mitupu, na watu wakawasalimia na kuwasifu. Hakuna aliyemuuliza baba randa yake iko wapi. Mkuki kwa nguruwe.

Nilikwenda kuwaona siku moja, tukaketi mkekani kula. Mama alikuwa anatumia kijiko kwa mkono wa kushoto. Akaonja, akasema polepole, kwa ulimi wake ule mzito:

"Wifi, mboga haina chumvi."

"Mdogo wangu amekatazwa, wifi. Ipo pembeni hapo," alijibu shangazi bila hata kutikisika. "Kila mtu ajitilie."

Baba akakohoa. Nilisubiri. Shangazi alikuwa anachambua miiba ya samaki wake kana kwamba hajasema kitu. Nikaweka tonge chini.

"Baba," nikasema, "kikao ni lini?"

Baba akainamia sahani. Shangazi akaninyooshea kidole, mimi mama wa watoto wawili.

"Mtoto haongei!"

Mama akaweka kijiko chake chini.

"Mwache aseme," alisema.