Sweta ya Kompyuta

Marehemu mke wangu alikuwa akiwachapia watu wa Landless, hapa Thika, barua na kadi za mwaliko kwa kompyuta kuukuu ambayo ofisi fulani ilikuwa imeitupa. Alipofariki, ndani ya ile kompyuta mlikuwa na kijitabu cha nyimbo za akina mama wa kanisa, kimefika katikati. Siku ya mazishi mwenyekiti wao alinishika mkono akasema, "Usijali mambo ya kitabu." Hapo nikajua wanakingoja. Nikaazimia kukimaliza kabla ya ibada ya kumkumbuka.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Usiku nilikuwa na zamu katika kiwanda cha nguo, na mchana nikachapa kwa vidole viwili. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Gatuanyaga kunipikia kwa muda, na muda huo ukarefuka. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana hadi inachosha. Nikiingia sebuleni, yeye anakumbuka kitu jikoni. Akitoka jikoni, mimi nakumbuka kitu uani.

Siku ya kwanza kompyuta ilisimama ghafla. Nikabonyeza kila kitu, wapi. Mama mkwe akauliza kutoka jikoni, "Mbona umenyamaza kugonga?"

Mafundi husema inahang. Neno hilo singeweza kumpelekea mama wa watu. Nikatafuta la Kiswahili, nikamwita mama kwa lugha ya kwetu, nikamjibu, "Maitu, imeganda."

"Imeganda?"

"Kabisa."

Nikaizima, nikaiwasha, ikaendelea. Kompyuta za miaka hiyo ya tisini zilifanya hivyo hata zikiwa nzima. Lakini niliporudi kutoka zamu asubuhi iliyofuata nilikuta sanduku la mashine, lile linalosimama kando ya skrini, limevalishwa sweta ya mke wangu. Vifungo vyote vimefungwa, mikono imefungwa fundo kwa nyuma, na kitufe cha kuwashia kimeachwa wazi kama uso.

Sikuuliza. Kila mtu ana namna yake ya kulia, na huyu alikuwa amezika mtoto. Nikakaa nikachapa kando ya ile sweta.

Tangu siku hiyo mashine ikawa haimalizi wimbo. Ubeti wa pili ukiisha, inasimama, na nilichochapa kinapotea. Kuna ubeti mmoja niliurudia mpaka nikaacha kuuamini.

Nikaenda Mugutha, kule Ruiru, kwa kijana mmoja anayetengeneza redio na kompyuta. Akaniambia niilete. Kabla ya kuipakia kwenye pikapu ya jirani niliivua sweta taratibu na kuiweka kwenye kiti, kwa sababu singeweza kuipitisha kwenye vumbi la barabarani. Fundi akafungua sanduku, akatoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua kwa raba ya penseli, akavirudisha. Mashine ikakaa imewaka kutwa nzima bila kusimama.

"Iko poa, buda," akasema.

Nikairudisha nyumbani nikaenda kazini. Asubuhi imevaa sweta. Ubeti wa pili, imesimama.

Nikarudi Mugutha. Fundi akasema ni virusi, akanipa disketi ya kuviua. Niliporudi tena akasema ni umeme wa Landless, unarukaruka. Mara ya mwisho akaniangalia sana akauliza, "Buda, wewe unaigonga ukiwa na hasira?" Nikamwambia sijui, pengine. Akaamua kuja aone mwenyewe.

Alikunywa chai huku mimi nachapa. Mashine iliposimama, akanyoosha mkono kuigusa, akaurudisha haraka kama aliyeshika sufuria.

"Nani amevalisha hii kitu sweta?"

Nikamkonyeza anyamaze, lakini sauti ikatoka jikoni. "Ni mimi. Si alisema imeganda? Hii baridi yenu ya Julai inagandisha hata mafuta ya kupikia. Na hiyo mashine ni nzee."

Fundi akaweka kikombe chini. "Shosho, hii inakufa na joto. Umeiziba pua."

Mimi nilikuwa nimebanwa na kicheko, lakini mama mkwe hachekwi. Nikainama chini ya meza kama anayetafuta waya. Nikiwa huko chini nikamsikia yeye ameanza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu mpaka akashika mlango.

Nikatoka nikamwambia ukweli. "Maitu, mimi nilidhani umeiweka ya kumkumbuka."

"Kumkumbuka kwa mashine?" Akaja sebuleni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkimbia mwenzake. Akafungua vifungo. "Ya kumkumbuka si ningeivaa?"

Akaivaa. Ilikuwa bado na joto la mashine.

Siku zilizobaki alikaa kando yangu na mfuniko wa sufuria, akiipepea mashine na kuniuliza kama amepunguza au amezidisha. Kijitabu kikatoka, kikaimbwa kwenye ibada. Akina mama bado wanakitumia. Ukikifungua utajua mke wangu aliishia wapi. Ni pale makosa yanapoanza, na wao huyaimba yote kama yalivyo.