Kiluo Changu cha Kwenye Barua

Wenzangu wa kwetu Chawia waliandika barua za kuomba kazi, wasijibiwe. Mimi mjanja nikaongeza kwenye yangu kwamba najua Kiluo, maana shamba la mkonge kule Voi lilijaa wafanyakazi Waluo. Jibu likaja upesi: nifike kwa meneja.

Nilimkuta na nyapara wake, mzee Odhiambo, ambaye alinisalimu kwa Kiluo. Nilijua neno moja tu, "ber", yaani vizuri. Nikajibu hilo. Akaendelea kusema, uso mkavu. Kila aliponyamaza nikasema "ber".

"Anakijua?" meneja akauliza.

"Bwana, nimemwambia nyumba yao inaungua, akasema vizuri. Nikamwambia mamake yumo ndani. Pia akasema vizuri."