Nilimfungia cheni kinyume aliyetuacha mbugani

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilimtengenezea mtu pikipiki porini nikijua itamwangusha. Nilifanya makusudi, kwa mikono yangu, huku namchekea.

Mimi ni mke wa mtu, naishi upande wa Kharumwa. Nachukua dagaa ziwani Nkome na kuwapeleka kwenye rashi, yale machimbo yanayozuka porini watu wakisikia dhahabu imeonekana. Pikipiki naendesha mwenyewe. Najua mtauliza mwanamke na pikipiki ya porini wapi na wapi. Ngojeni niwaeleze.

Misimu miwili ya mvua iliyopita nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Uchungu ulinishika kabla ya siku zake, na damu ikaanza kutoka. Mume wangu alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akanilaza juu ya godoro, tukaanza safari ya zahanati. Tulipofika mbugani, pale udongo mweusi ukilowa unashika kama gundi, gurudumu likazama. Ng'ombe walivuta mpaka wakalala.

Ndipo akatokea bodaboda. Nitamwita Masanja, siyo jina lake. Hakuwa na abiria. Mume wangu alisimama katikati ya njia akampungia mikono yote miwili.

"Kaka, nisaidie, mke wangu anakufa."

Masanja alipunguza mwendo, akanitazama, na mimi nikamtazama.

"Huyo anavuja damu," akasema. "Atanichafulia siti. Halafu akinifia njiani nitajibu nini?"

Akatupita pembeni, matope yakamrukia mume wangu usoni. Nyuma ya pikipiki, kwenye mpira wa kuzuia matope, palikuwa na maandishi mekundu: TUTAFIKA TU.

Mume wangu alikimbia kuita majirani, wakanibeba juu ya kitanda, tukafika zahanati mchana. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Mume wangu alisema tumwachie Mungu. Nikaitikia kwa mdomo. Moyoni nilisema, nitakupata tu.

Nilipopata nguvu niliuza ng'ombe niliopewa na baba, nikanunua pikipiki ndefu yenye matairi ya kashata, yale ya meno makubwa ya kukamata matope. Nikaenda Shinyanga mjini kwa kaka yangu, ambaye ni fundi pikipiki, nikakaa kwake nikijifunza. Alinifundisha kuziba pancha nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, kwa sababu alisema porini hakuna sakafu ya gereji. Niliondoka kwake na mfuko wa turubai: tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, spana, koleo, plagi, waya wa klachi, viungo vya cheni. Niliapa sitasimama tena njiani nikimpungia mtu mkono.

Ule mfuko ulinipa sifa. Dereva akikwama njia ya rashi, alikuwa anauliza, "Mama Dagaa kapita?" Niliwazibia, niliwafungia, na sikuwahi kumtoza mtu.

Siku moja nikitoka Nkome na mzigo, nikaikuta pikipiki imeegeshwa kando ya njia. Nikasoma yale maandishi mekundu. Nikazima injini, nikashuka.

"Dada yangu, Mungu kakuleta," Masanja alisema. "Cheni imekatika. Nimekaa hapa tangu asubuhi, sina hata spana."

Nilivua kofia ngumu ili anione vizuri. Nikasubiri.

"Hunifahamu?" nikamuuliza.

"Nakusikia tu. Wewe si ndiye Mama Dagaa? Wanakusifu sana."

Angesema tu kwamba sura yangu anaifananisha, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini alinitazama kama mtu anayetazama gereji.

Nikafungua mfuko. Cheni ikikatika unaiunga kwa kiungo cha akiba, na kiungo hicho kinashikiliwa na kibanio kidogo cha chuma. Kibanio kina upande mmoja uliozibwa na mwingine ulio wazi. Uliozibwa lazima utangulie kule cheni inakokwenda. Ukitanguliza ulio wazi, kitashika kwa muda, mpaka kigongwe na kijiti au kokoto, halafu kitachomoka. Kaka yangu alinirudia somo hilo mpaka nikalichoka.

Nilikiweka kinyume.

Masanja alikuwa amechuchumaa kando yangu, ananishikia koleo, ananisimulia habari za watoto wake. Wa kwanza ndiyo kwanza kaanza shule, anapenda kupakiwa mbele kwenye tangi. Niliyasikia yote, nikanyoosha mkono nikapokea koleo.

"Wabeja sana, mayu," alinishukuru kwa Kisukuma. "Mungu akulipe."

"Atalipa," nikamjibu. "Huko mbele kuna mteremko wa mawe. Upite kwa kasi, usije ukakwama tena."

Ndiyo, na hilo nililisema mimi.

Kibanio kilichomoka kwenye mteremko uleule. Cheni ilijisokota kwenye meno ya sproketi ya mbele, tairi la nyuma likakwama ghafla, na Masanja akarushwa kwenye mawe. Goti lake lilipondeka. Habari ilinikuta rashi nikimpimia mteja dagaa. Sitawadanganya, nilimwongezea yule mteja kopo zima la bure. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba.

Siku chache tu, ile raha ikaanza kunipungukia. Masanja alidhani amepata ajali kama ajali nyingine. Mimi nilitaka ajue. Nilitaka alale kitandani akijua ni nani na ni kwa nini. Basi nikapanda pikipiki nikaenda hospitalini.

Mke wake alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa. Aliponiona aliinuka akanishika mkono. "Ndiye wewe Mama Dagaa? Ameniambia ulivyomsaidia. Asante sana, dada."

Alikuwa bado amenishika mkono. Nilisogea kitandani nikamwambia mumewe, "Kiungo cha cheni nilikifunga kinyume, makusudi. Unaukumbuka ule mkokoteni uliozama mbugani? Mwanamke anayevuja damu, mumewe anakulilia?"

Masanja alifikiri. Nilimwona kabisa anafikiri, anajitahidi.

"Mkokoteni upi, mama?" akauliza. "Sisi tunawapita wengi wa hivyo."

Basi. Hicho ndicho nilichokwenda kukichukua. Nililala na sura yake misimu miwili, na yeye yangu hakufika nayo hata kijiji cha pili.

Mke wake aliuachia mkono wangu polepole.

Kwa polisi hawakwenda. Mke wa Masanja alikwenda kijiwe cha bodaboda Kharumwa, akawasimulia madereva wote nilichosema kwa mdomo wangu. Goti la Masanja halikunjiki tena. Mkewe sasa anauza viazi vya kuchemsha stendi, na yule mtoto aliyeanza shule namwona pale saa za masomo akiwafukuza nzi.

Mume wangu aliposikia aliniuliza kama ni kweli, nikamjibu ndiyo. Halafu akasema, "Huyo alituacha njiani kwa sababu aliogopa. Wewe ulisimama, ukashika spana, ukafikiri." Akahamishia godoro lake nyumba ya mama yake. Salamu ananiitikia. Zaidi ya hapo hakuna.

Msinielewe vibaya. Masanja sijamsamehe. Hata ninapoandika hapa meno yananiuma kwa kuyasaga. Maumivu yake hayaninyimi usingizi. Ninachojuta ni kingine, na nilikielewa hivi karibuni.

Nilimkuta dereva mmoja amekwama njia ya mbugani, waya wa klachi umekatika. Huyo niliwahi kumzibia pancha mara nyingi. Alikuwa amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto ana homa, kichwa kinaning'inia. Nilisimama nikatoa waya kwenye mfuko.

"Usiiguse," dereva akasema.

"Waya ninao. Ni kazi ndogo tu."

"Nimesema usiiguse, mama. Nitasukuma."

Nikamgeukia yule mama. "Basi panda kwangu, nikuwahishe zahanati."

Alimtazama dereva. Dereva akatikisa kichwa. Yule mama akakaza kanga iliyomshika mtoto, akaanza kutembea juani. Dereva akamfuata akisukuma. Nilibaki nimeshika waya mpya mkononi. Mtoto huyo sikuwahi kusikia alifikaje, na sina wa kumuuliza.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtu wako unayemvizia, sikwambii umpende, maana mimi mwenyewe nimeshindwa. Mtukane. Mwambie usoni alichokufanyia. Ukishindwa, pita na umwache hapohapo alipokwama. Lakini usimwinamie na spana ukijifanya unamsaidia. Ningempita Masanja siku ile, leo yule mtoto ningempakia.